Waya wa Chujio

Fundi wetu wa betri alianza kila kazi kwa kukiri kosa. Akiitwa kwamba taa zimezimika, hakufungua kwanza mfuko wake wa spana. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema mbele ya wote waliokuwapo kwamba amekosea yeye, pengine kuna mahali hakukaza vizuri. Kisha alinyamaza akangoja. Haukupita muda, mtu akakohoa, akasema kwamba kusema kweli hata yeye jana aliusogeza waya kidogo, kidogo tu, ili apitishe ndoo. Fundi aliitikia kwa kichwa, akaenda moja kwa moja pale ndoo ilipopita, na taa zikawaka.

Siku moja tukiwa tumekaa nyuma ya jiko langu nilimwuliza kwa nini anajipaka tope lisilo lake. Alisema watu wakimwona fundi anakuja huficha mikono. Kila mmoja anaogopa kumwaga unga, kwa hiyo hakuna aliyegusa kitu, na fundi anabaki kufungua nyumba nzima akitafuta kosa ambalo mwenyewe yumo mle mle chumbani anamtazama.

"Wa kwanza akishakubali, wa pili hana cha kuogopa," alisema. "Basi wa kwanza nakuwa mimi."

Mimi nilikuwa mpishi wa Meneja wa shamba la mkonge upande wa Rudewa, nje ya mji wa Kilosa, enzi za Mwingereza. Fundi nilimjua miaka mingi, lakini kwao hasa ni wapi sikujua na sikuuliza. Pale shambani watu walikuwa wametoka kila upande wa nchi, na mtu ukimchimba sana asili yake alidhani unamtafutia sababu ya kumrudisha. Jina alikuwa nalo, hatukulitumia. Yeye alikuwa Fundi, mimi nilikuwa Mpishi, na rafiki yetu wa tatu, aliyeendesha gari la Meneja, alikuwa Dereva. Tuliitana hivyo mpaka mwisho.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kwenye chumba cha injini pale kiwandani, kuchaji betri za malori yaliyobeba mkonge. Lakini iliyomtoa jasho ilikuwa karavani. Meneja aliiagiza kutoka Ulaya, ikaja kwa meli, ikapakiwa treni mpaka stesheni ya Kilosa, na watu wa kambini walitoka kuitazama kama bibi harusi. Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao nyembamba juu ya magurudumu, inafungwa nyuma ya gari na kukokotwa. Ndani mlikuwa na vitanda, kabati, jiko la mafuta ya taa, feni, redio na taa ndogo ndogo za ukutani. Kila sikukuu Meneja na mkewe, Memsahibu, waliikokota mpaka mbugani Mikumi kwenda kutazama wanyama. Sisi ambao tulikuwa tukipiga madebe kuwafukuza wanyama hao hao mashambani kwetu tulishangaa watu wanaofunga safari kuwafuata.

Umeme wake ulitoka kwenye betri kubwa iliyowekwa chini ya kiti. Gari likitembea, dinamo yake iliichaji betri hiyo kwa waya mnene uliopita chini ya sakafu. Utaratibu ni rahisi ukiusema, lakini ile karavani iliugua kila safari. Nami nilikuwa mle ndani na sufuria zangu, kwa hiyo magonjwa yake yote nayajua.

Kuna safari taa zilikuwa zikiwaka gari likipita kwenye shimo, na kuzimika likifika barabara nzuri. Meneja alisema betri imekufa. Fundi alikuja, akavua kofia, akasema amekosea yeye. Dereva akajikuna shingo, akasema alikuwa ameipaka rangi ile ndoano ya chuma inayounganisha gari na karavani, kwa sababu Memsahibu alisema ina kutu na wageni wanakuja. Fundi akacheka. Akatueleza kwamba umeme unakwenda kwa waya lakini unarudi kwa chuma, na chuma kilichopakwa rangi kimefungwa mlango. Aliikwangua ile rangi kwa kisu changu cha viazi, na taa zikatulia. Kisu hakikufaa tena.

Safari nyingine soketi ya feni ilikataa kabisa. Pale kosa halikuwa la mtu: nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo ndani ya matundu. Fundi alikuwa ameshakiri kama kawaida yake, na sote tukacheka kwamba safari hii nyigu hakujitokeza kukiri. Mara nyingine betri ilikutwa kavu asubuhi, na baada ya Fundi kujilaumu mlangoni, Memsahibu mwenyewe, akiwa mwekundu usoni, alisema aliiacha redio ikiimba mpaka alfajiri. Kumsikia Memsahibu akisema amekosa, mbele yetu, ilikuwa habari ya kusimulia kambini wiki nzima.

Sasa nisije nikawafanya mdhani Fundi alikuwa malaika. Kwenye karata alikuwa mwizi mkubwa. Tulicheza Jumapili, mimi, yeye na Dereva, na aliweza kukuibia karata ukiwa umemkazia macho. Ukimshika mkono alikana mpaka ukajiona wewe ndiye mkosaji. Dereva alikuwa akisema kwamba kosa lisilo lake Fundi hulikubali mbio, lakini lake mwenyewe hulikana mpaka kesho. Tulicheka sana kwa maneno hayo. Siku hizi siwezi kuyakumbuka nikacheka.

Alikuwa pia mkono wa birika, lakini kwa kitu kimoja tu: maji ya mvua. Betri hazitaki maji ya mto, zinataka maji safi yasiyo na chumvi, na yeye aliyakinga kutoka kwenye bati na kuyaweka ndani ya chupa alizozipanga chini ya kitanda chake. Mgeni akifika ana kiu alimpeleka kwa jirani. Mashati yake yote yalikuwa na matundu ya asidi, ila kanzu moja nyeupe ya Ijumaa, ambayo aliihifadhi kwangu jikoni ili isikae nyumba moja na betri. Na nyumbani kwake, huyo mtu wa umeme, aliwasha kibatari. Alisema umeme ni wa kuuangalia kila saa, na nyumbani mtu anataka kupumzika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulielewa maana yake mapema. Kusema "nimekosea" kulimjia kama kusalimu. Lakini "siwezi" sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Ukimwambia kitu hiki hakitengenezeki, kesho anakuletea kinafanya kazi, macho mekundu, hajala. Meneja aliijua tabia hiyo na aliitumia.

Na kuhusu fyuzi hakuwa na mzaha hata kidogo. Alinionyesha siku moja kile kisanduku cheupe cha kauri ndani ya karavani, na ndani yake kauzi kembamba. Akasema waya wowote ukigusana na chuma mahali pasipotakiwa, umeme unakimbia kwa nguvu na waya unapata moto. Kale kauzi kanakatika kwanza, umeme unasimama, na nyumba inapona. Fyuzi ikikatika usiweke nyingine mpaka ujue imekatika kwa nini. Kulikuwa na utingo mmoja wa lori aliyeizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili lori liwake. Fundi alimkimbiza na spana mpaka kwenye mstari wa mkonge, na tangu hapo shikamoo ya yule kijana haikuitikiwa.

Basi ilikuwa Pasaka. Meneja alikuwa na wageni kutoka Morogoro, na walipanga kwenda Mikumi asubuhi na kurudi jioni ile ile. Kwa kuwa hawakulala huko, mimi sikuhitajika. Nilifunga vyakula kwenye vikapu nikabaki. Gari lilikuwa limeshawashwa, wageni wamekaa, Memsahibu anajaribu feni, na feni haizunguki. Fundi aliitwa. Safari hiyo hakuvua kofia, wala hakusema kitu mlangoni, kwa sababu Meneja alikuwa anapiga honi. Baadaye kidogo alikuja mbio jikoni kwangu. Mwenye funguo za stoo alikuwa amekwenda kwao sikukuu. Aliangaza macho ukutani, akauona waya wa shaba niliokuwa nikitundikia chujio la chai, waya mnene niliousokota mwenyewe ukawa na ndoano ya mizunguko mitatu.

"Niazime huu, Mpishi. Nitakurudishia."

Nikamwambia chukua, lakini chujio langu lisilale chini. Gari likaondoka na feni ikizunguka. Fundi alisimama uani akilitazama mpaka vumbi likatulia, nami nikarudi kwenye nyama yangu.

Kilichotokea kule Mikumi tulikisikia jioni, wakati gari liliporudi peke yake bila karavani. Walikuwa wameegesha mbugani, Meneja na wageni wakashuka kwa miguu kwenda kuwatazama nyati kwa darubini. Dereva alikaa kwenye kingazi cha mlango wa karavani akivuta sigara. Alikuwa ameamka mapema, jua likampiga, akasinzia. Kilichomwamsha ni moshi nyuma yake. Sigara haikuwapo tena mkononi. Godoro na mito ya mle ndani ilikuwa imejazwa nyuzi za katani yetu wenyewe, na nyuzi hizo zikishika moto hazingoji. Aliingia, akautoa mkoba wa Memsahibu, akarudi kuupiga moto kwa mikono mpaka Meneja alipomvuta kwa nguvu. Ile karavani ilibaki chuma.

Meneja alimwuliza kama alikuwa anavuta. Dereva hakuwa mtu wa kuzungukazunguka: alisema ndiyo, na alisema pia kwamba alisinzia.

Nilikuwa nikiwaandalia chai barazani jioni hiyo Fundi alipokuja. Alivua kofia. Alisema, "Bwana, nimekosea mimi." Meneja, uso umejaa masizi, alitabasamu kwa uchovu akawageukia wageni wake, akawaeleza kwa Kiingereza, nao wakatikisa vichwa kwa huruma. Kisha akamwambia Fundi kwa Kiswahili chake cha mashambani.

"Wewe siku zote nasema wewe nakosa. Wewe mtu mzuri, nataka saidia rafiki. Sasa rudi nyumbani."

Fundi akaanza tena, na Meneja akainua mkono. Mimi niliweka birika chini, nikamshika Fundi begani, nikamsindikiza mpaka getini. Nilikuwa najivunia rafiki yangu. Nilimwambia amefanya uungwana kumtetea mwenzake, hata kama haikusaidia. Alisema, "Sikiliza, Mpishi, ni mimi kweli." Nami nikamwambia najua, najua, siku zote ni wewe. Nikampigapiga mgongoni. Nikaenda zangu kuosha vikombe.

Dereva alifukuzwa. Nyumba ya kambini ilikuwa ya kazi, na kazi ikishaisha nyumba nayo imeisha, kwa hiyo mkewe na watoto walipakia magodoro na kuku juu ya lori lililokuwa linaelekea Kidodi, wapande kutoka huko mpaka kwao Vidunda mlimani. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa. Ilipopona, vidole vilikuwa vimejikunja, havishiki usukani. Asubuhi ya kuondoka alikwenda kwa Fundi kumshukuru kwa kujaribu kumbebea kosa, na akamwachia jogoo. Fundi hakumchinja jogoo yule. Jogoo alizeeka akawa anazurura mlangoni pa Fundi, anaogopwa na watoto.

Baada ya hapo mtu yule alibadilika, na sote tuliona, na sote tulijieleza kwamba ni huzuni ya kumpoteza rafiki. Aliacha kukiri milangoni. Akiitwa aliingia kimya, akaanza kufungua kila kitu, skrubu moja baada ya nyingine, na kazi ya saa moja ikala siku nzima. Watu hawakuwa na wa kumfuata katika kusema kweli, kwa hiyo walificha mikono. Wakanung'unika kwamba Fundi amezeeka. Kwenye karata akaacha kuiba, na mchezo ukakosa ladha, tukaacha kucheza.

Nami sikumsaidia. Kila nilipolikuta chujio limelala mezani nilimtania. "Fundi, waya wangu uko wapi? Umeufungia kuku?" Wengine walicheka. Yeye alitazama pembeni, akasema atanirudishia. Nilidhani anaona haya kwa kusahau kitu kidogo. Nikaendelea na utani huo muda mrefu, kwa sababu nikishapata utani unaochekesha watu huwa siuachi.

Miaka ikapita. Meneja alirudi kwao, akaja mwingine ambaye hakupenda mapishi yangu. Niliondoka, nikafungua hoteli ndogo ya chai na chapati Mikumi, kando ya barabara ya Iringa, wakati ambapo kila mteja alizungumzia Uhuru unaokuja. Hapo ndipo Fundi aliponikuta asubuhi moja, akitokea upande wa Kidodi kwa miguu, kanzu ya Ijumaa imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Alinizidi umri, nikamwamkia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nimetoka kumzika Dereva."

Nilimkalisha, nikampa pole, nikamwekea chai. Hakuigusa. Alisema mazishi yalikuwa makubwa, watu wa misheni waliimba, na mtoto mkubwa wa marehemu alisimama kusema maneno aliyoyaacha baba yake. Baba aliwaagiza watoto wake wasivute sigara maisha yao yote. Aliwaambia sigara yake moja ilichoma mali ya watu, ikawatoa wao shuleni, ikamfanya mama yao alime mlimani na mtoto mgongoni. Aliwaomba wamsamehe. Yule kijana aliyasema hayo mbele ya kaburi, na watu wakalia.

"Nikasimama," alisema Fundi. "Nikasema hapana, jamani, karavani niliichoma mimi. Unajua walifanya nini? Mzee wa kanisa alinishika mkono, akasema Mungu akulipe kwa wema wako."

Nilifungua mdomo nimwambie asijitese. Maneno yalikuwa tayari ulimini, nilikuwa nimeshayasema mara nyingi mno. Lakini alikuwa ameingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa kitambaa, akakifungua juu ya meza. Ulikuwa waya wa shaba, mweusi kwa moshi. Katikati ulikuwa umenyooshwa, ila ncha moja ilikuwa bado na ndoano ya mizunguko mitatu.

Mpishi anakijua chombo chake. Nilikaa chini.

Alisema mabaki ya karavani yalipoletwa kiwandani alichambua majivu mpaka akakipata kile kisanduku cha kauri, na waya huu ulikuwa ndani, mzima. Fyuzi ingekatika. Waya huu haukukatika, ukaacha umeme ukimbie mpaka waya mnene wa chini ya sakafu ukawaka. Alipaona mahali waya huo wa chini uliposuguliwa na chuma. Meneja alimwambia mambo hayo yamekwisha. Basi Fundi alipanda nao mpaka Vidunda, na Dereva alimkumbatia, akaukunja ndani ya kitambaa bila kuutazama, akamrudishia mfukoni, akasema, "Usinibebee mzigo wangu, ndugu yangu." Kisha akamkirimu chakula.

"Kwangu mbona hukuja nao?" nilimwuliza. "Nilikuwa nikiudai kila siku."

"Ulikuwa wako. Ningekuonyesha, ungedhani nakugawia kosa."

Nilimtazama mtu huyu ambaye nilimpigapiga mgongoni miaka yote hiyo. Nilikuwa nimemnyima kitu kimoja alichokihitaji, nikadhani nampa heshima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikujua la kufanya, basi nikalifuata kosa hatua kwa hatua, kama fundi. Nikamwuliza nani aligusa mara ya mwisho.

"Mimi."

"Fyuzi ilikuwa imekatika?"

"Imekatika."

"Ulitafuta imekatika kwa nini?"

"Sikutafuta. Bwana alikuwa anapiga honi. Ningesema haiwezekani, wangekwenda bila feni, basi. Sikuweza kusema. Neno moja tu, Mpishi."

Nikamwambia, "Basi ni wewe, Fundi. Dereva hakuchoma kitu."

Alifunika uso kwa mikono. Mabega yalitikisika muda mrefu, na wateja wangu wakageuza macho barabarani. Alipomaliza aliinywa ile chai, imeshapoa, yote kwa mara moja, akaomba nyingine.

Siku iliyofuata nilimwachia mke wangu hoteli, tukapanda gari la mizigo mpaka Kidodi, kisha tukaushika mlima. Vidunda si njia ya wazee, tulipumzika kila kona. Tulimkuta mtoto mkubwa wa Dereva akipalilia, mtu mzima tayari, mwenye sura ile ile ya baba yake. Alitua jembe, akatuamkia kwa adabu, akatuletea vigoda. Nilianza mimi, kwa sababu Fundi akianza angesikika kama zamani. Nilisema waya huu ulitoka jikoni kwangu, nimeusokota kwa mkono wangu, na nilimpa Fundi asubuhi ile ya safari. Nikasema unafanya nini ukiwekwa mahali pa fyuzi. Kisha Fundi akamalizia mwenyewe, bila kupunguza neno, pamoja na ile honi.

Kijana aliupokea waya. Aliutazama mbele na nyuma. Nilisubiri yale maneno ya wema ambayo wote tuliyatoa, na kusema kweli niliogopa yatoke tena, tushuke tulivyopanda. Hayakutoka.

"Baba alikuwa hakai karibu na moto," alisema taratibu. "Hata baridi ya huku juu. Alikaa mlangoni peke yake, akisema mikono yake si ya kuaminiwa. Amekufa akituomba radhi." Akasimama. "Ondoka hapa. Ondoka kwenye kiwanja cha baba yangu, na usirudi."

Hakumwita baba wala mzee. Fundi aliinuka, akavua kofia, akasema amesikia. Tulipofika kwenye migomba nilisikia kishindo nyuma; yule kijana alikuwa amekirusha kigoda alichokalia Fundi. Mkewe alitoka nyumbani akiuliza kuna nini.

Tulishuka mpaka kwenye kona inayoonyesha bonde lote la Ruaha na miwa yake. Hapo Fundi aliketi juu ya jiwe. Nilidhani miguu imemshinda. Nikamwangalia vizuri, nikaona uso ambao sikuuona tangu siku zile za karata.

"Umemsikia, Mpishi? Kaniamini," alisema. "Na waya hakuurudisha."

Kweli, hakuurudisha. Alikuwa bado ameukamata mkononi wakati tunaondoka.

"Ila wako ndio huo umepotea," aliendelea. "Nimekosea mimi."

Nilikaa kando yake kwenye lile jiwe. Nikamwambia ndiyo, amekosea.